Hatua Sabini za Babu Celestini

Jumatatu, 4 Machi 2024

Daftari jipya. La zamani Bibi aliwashia jiko, kurasa mbili mbili, kuanzia Januari hadi Krismasi. Anasema karatasi yake ilishika moto vizuri sana. Anaapa hakusoma. Lakini tangu siku hiyo ananiita "mume wangu mwandishi" badala ya "mume wangu" tu, kwa hiyo sina uhakika.

Leo Mwalimu Frednand ametufundisha eneo la mstatili. Urefu mara upana. Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi wa darasa la saba apime mstatili mmoja wa kwao na abadili vipimo. Wenzangu wote watapima meza. Mimi nilitaka kitu kikubwa zaidi, ila sikujua kipi.

Elick akanionyesha bila kujua. Elick ni mtoto wa mwisho wa mzee Maduhu, jirani yetu. Tuko darasa moja. Ana ndevu saba, alinihesabia. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Profesa, maafisa wa ardhi wanakuja tarehe kumi na tano kupima mashamba. Kichuguu kitaangukia kwetu. Nakibomoa nafyatua tofali za chumba changu."

Kichuguu! Cha Babu!

Nilikohoa. Mimi nikikasirika hukohoa.

Kichuguu hicho ni kirefu kuliko mimi, chekundu, kimekaa mwisho wa shamba letu. Mvua za kwanza zikinyesha, Babu alikuwa akifunika tundu zake kwa majani ya migomba, kisha tunakaa chini, yeye na mimi, tunapiga vijiti ardhini taratibu ili kumbikumbi wadhani mvua bado inanyesha. Wanatoka. Babu alikuwa akihesabu wale wa kwanza kwa Kisubi, lugha ya kwetu, hadi kumi, halafu anahamia Kiswahili kwa sababu, alisema, wakizidi kumi ni mambo ya serikali. Alifariki Septemba, kabla ya mvua. Msimu uliopita sikupiga vijiti. Kumbikumbi walitoka wenyewe wakaliwa na kuku.

Hakibomolewi. Nimeapa. Nimepiga mstari chini ya neno "nimeapa" kwa rula.

Jumanne, 5 Machi

Bibi kaenda kanisani kufagia. Nimefungua sanduku lake. (Nitatubu.) Karatasi ya mwaka 2001 ipo. Mzee Maduhu alipofika Nyamahanga kutoka Shinyanga, na ng'ombe wake na watoto wanne, Babu alimkatia kipande kwa mitamba miwili. Imeandikwa: "Kutoka barabarani, hatua sabini kwa sabini. Nimepima mimi, Celestini."

Hivyo ndivyo watu wa huku hupima ekari. Hatua sabini kwa sabini, basi, watu wanashikana mikono. Upana hauna ugomvi, una mitaro pande zote mbili. Ugomvi uko kwenye urefu, kutoka barabarani kuja kwetu. Zamani mpaka ulikuwa na mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao wazee hupanda mipakani. Moto wa kuchoma majani ukapita kabla sijazaliwa ukaumaliza wote. Sasa hatua ya sabini iliangukia wapi? Ikiwa kabla ya kichuguu, kichuguu ni chetu. Ikiwa baada yake, ni tofali.

Nikaenda barabarani. Nikahesabu hatua sabini. Moja kwa moja, kichwa juu, kama Babu.

Ya sabini imeangukia katikati ya zizi la ng'ombe la mzee Maduhu!

Wametuibia nusu ekari! Au karibu. Miaka ishirini na mitatu! Nilisimama zizini nikiwa na furaha kubwa na samadi hadi vifundoni. Mzee Maduhu akatokeza. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 6 Machi

Nilimwandikia Elick barua kuhusu zizi. Aliisoma kwa sauti mbele ya darasa zima wakati wa mapumziko. Kisha akaomba nisimame, akasimama kando yangu, akawauliza wenzetu ni nani kati yetu ana miguu ya bata. Walinichagua kwa kura nyingi.

Jioni akapima yeye. Haikuwa hatua, ilikuwa miruko! Anaruka, anatua, anaruka. Ya sabini ikapita kichuguu, ikapita migomba mitatu, ikaishia kwenye jiko la Bibi. Bibi alikuwa anapepeta maharage. Akamwambia Elick kama amekuja kuchukua jiko achukue na vyombo vichafu vilivyomo, avioshe.

Akaviosha. Nilifurahi sana. Kisha Bibi akanipa mimi masufuria.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeachana na hatua. Hatua ni ushenzi. Dunia imeendelea, kuna mita.

Mpango: kamba yenye mafundo, kila mita fundo moja. Kamba ndefu pekee nyumbani ni ya mbuzi. Nikamfungua mbuzi, nikamweleza abaki. Nikatumia rula yangu ya sentimita thelathini. Saa mbili nzima za kufunga mafundo!

Nilipomaliza nikakumbuka kwamba rula yangu ilivunjika kipande mwaka jana na inaanzia kwenye tatu. Kwa hiyo kila rula ni sentimita ishirini na saba. Kwa hiyo mita zangu si mita.

Nikageuka. Mbuzi naye hayupo.

Alikuwa kwenye maharage ya mzee Maduhu. Amekula mstari mmoja na nusu. Mzee Maduhu alimrudisha mwenyewe, amembeba mabegani kama mtoto, akamwambia Bibi kwamba huyu mbuzi naye anapima mashamba siku hizi. Bibi alicheka hadi akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Septemba. Nilisahau kukasirika kwa muda.

Jumatatu, 11 Machi

Wazo kubwa kuliko yote! Kwa nini nibishane na Elick wakati kuna ofisi? Nimeandika barua kwa mtendaji wa kijiji, wino wa bluu, aya tatu, ili maafisa wakija wakute jambo limekwisha.

Hesabu ni hizi. Bibi amebakiwa na ekari tatu, na kichuguu kikiwa ndani. Kitabu kinasema ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mara tatu: 12,141. Lakini maafisa wanapenda hekta. Mita ina sentimita mia, kwa hiyo nikagawa kwa mia kama tunavyofanya siku zote. Hekta 121.41. Safi. Hata desimali zipo.

Nikasaini: "Kwa niaba ya Eufrazia, mjane wa Celestini." Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi nikakimbia.

Jumanne, 12 Machi

Bibi ameitwa ofisini. Amevaa kitenge cha misa. Nilimfuata kwa mbali.

Mtendaji alimpa kiti. Akamuuliza kwa heshima zote tangu lini yeye ni mmiliki wa shule, zahanati, soko, kanisa, bwawa la ng'ombe, na choo cha mtendaji mwenyewe. Maana kwa hekta mia moja na ishirini na moja, alisema, vyote hivyo vimo, na bado zinabaki za kulima tumbaku. Bibi akajibu kwamba choo anaweza kuendelea kukitumia, yeye si mchoyo.

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, nakohoa.

Njiani Bibi hakunigombeza. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba Babu yangu hakuwahi kutaka zaidi ya alichoweza kukizunguka kwa miguu kabla uji haujapoa.

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu Frednand amepata habari. (Kijiji kizima kimepata.) Akanieleza kwamba hekta ni mita mia kwa mita mia, yaani mita za mraba elfu kumi. Vipimo vya mraba vina pande mbili, mia mara mia. Vivyo hivyo mita moja ya mraba ina sentimita za mraba elfu kumi, si mia. Ili iniingie, akaniamuru nichore mita moja ya mraba kwenye vumbi la uwanja na niigawe viboksi vya sentimita moja moja, vyote. Nilifika kiboksi cha mia tatu na kumi na mbili, kengele ikalia. Nikamwambia nimeelewa.

Na nimeelewa. Kabisa.

Jioni nikaazima futi ya fundi cherehani pale senta. Sentimita mia moja na hamsini, haijavunjika popote. Nikapima kutoka barabarani, kwa magoti, futi baada ya futi. Kichuguu kinaanza mita 64.5. Kinaishia mita 67.5. Ekari ya kitabuni, ikiwa na pande sawa, kila upande ni kama mita 63.6. Yaani mpaka unaishia karibu mita nzima kabla ya kichuguu. Chetu! Kihalali! Kwa sayansi!

Niliruka peke yangu hadi uani. Nikatua kwenye sakafu ya kuanikia mihogo. Ndipo nikaziona.

Nyayo za Babu.

Nazijua tangu zamani, ni kama mtu anavyojua mlango wa kwao, hauangalii tena. Nilikuwa darasa la pili. Fundi Abeli ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kulainisha saruji, kuku akaingia, Babu akapita katikati kumfukuza. Nyayo tano, toka ukingo hadi ukingo. Fundi Abeli alitaka kulia. Babu akasema aziache, siku moja atasahau jinsi ya kutembea na atahitaji pa kutazamia.

Nilishika futi mkononi. Sikutaka kupima. Nikapima.

Kisigino hadi kisigino, sentimita 98. Hatua zote nne. Hakuna hata moja iliyopungua.

Mara sabini: sentimita 6,860. Mita 68.6. Zimepita kichuguu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata matumaini. Labda siku ile Babu alikuwa anakimbia! Hatua ya kukimbia ni ndefu. Nikamuuliza Bibi, kwa kuzunguka zunguka, kama Babu alimkimbiza yule kuku.

Bibi akasema Celestini hakuwahi kukimbia, hata siku ya simba. Alitembea vile vile tangu alipokuja kwao kumchumbia. Dada zake Bibi walimwona akija toka kilima cha pili wakasema huyu mwanaume anapima nchi. Aliposema hivyo alitazama njiani, kama vile mtu anakuja.

Matumaini yameisha.

Lakini hakuna anayejua. Karatasi haisemi urefu wa hatua. Mimi tu ndiye ninayejua, na mimi kwa kunyamaza sina mpinzani Biharamulo nzima. Saa kumi nilitoa mihogo yote ndani nikaianika sakafuni, kuanzia ukingo hadi ukingo, hasa katikati. Bibi akashangaa. Mawingu yametanda na mimi naanika. Akasema mume wake mwandishi ameanza kupenda kazi, mwisho wa dunia umekaribia.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike polepole.

Afisa ardhi alikuwa dada mmoja, Magdalena, amevaa buti, ana kifaa kama simu nene. Mtendaji alikuwepo. Mzee Maduhu, Elick (na jembe begani tayari!), Bibi kwenye kigoda, mimi nyuma ya Bibi.

Dada Magdalena akasoma karatasi. Akasema hatua sabini kwa sabini watu hukusudia ekari moja, na ekari moja upande wake ni mita sitini na tatu na kitu. Akatembea na kifaa chake. Akasimama kabla ya kichuguu, akachomeka kijiti. Akauliza kama majirani wanakubaliana.

Bibi akasema yeye hana neno. Elick akasema hapana, akasema mambo mengi. Mzee Maduhu akamnyamazisha. Akasema Celestini alikuwa na hatua ndefu kuliko hiyo, yeye alikuwepo, aliziona kwa macho yake. Lakini mtu ameshakufa, nani atazitembea hatua zake? Basi dada aandike.

Dada akaanza kuandika.

Kichuguu kimepona! Kilichobaki ni mimi kunyamaza. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote bila kufundishwa!

Nikakohoa. Kisha nikasikia mtu anasema, "Zipo." Kumbe ni mimi. Dada akauliza nini zipo. Nikasema hatua za Babu. Wapi? Nikasema, "Chini ya mihogo."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Tukaenda uani wote. Bibi ndiye aliyesogeza mihogo, kwa mikono, taratibu, kama anamfunua mtu aliyelala. Unyayo wa kwanza. Wa pili. Nikasema namba kwa sauti, tisini na nane, sitini na nane nukta sita, na kwamba kichuguu si chetu. Mwishoni sauti ilikuwa nyembamba sana.

Mzee Maduhu akavua kandambili. Akaweka mguu wake ndani ya unyayo wa Babu. Ulipwaya. Akajaribu kufikia wa pili, akashindwa, akacheka peke yake, kisha akafuta uso kwa mkono wa shati.

Akasema siku ile ya 2001 alimwambia, "Mzee, mbona unajipunja? Tembea kama watu!" Babu akamjibu kwamba mtu mwenye watoto wanne hapimiwi kwa hatua fupi. Walipofika kwenye kichuguu Babu alisimama, akakitazama sana, halafu akakipita. Akapanda mulamula upande wa pili. Msimu ule ule wakala kumbikumbi pamoja, hapo hapo, na Maduhu hakuwa na hata chumvi.

Elick akauliza, kwa hiyo abomoe lini.

Mzee Maduhu akamtazama. Akaenda mtaroni, akakata kitawi cha mulamula cha jirani wa chini, akapanda juu ya kichuguu kwa shida (anaumwa goti), akakichomeka kileleni. Akamwambia dada Magdalena mpaka ni hapo. Dada akasema hapo anapoteza zaidi ya mita mbili. Akajibu kwamba anajua, hata mwenzake alipoteza. Na palipopandwa mulamula hapachimbwi, kila mtoto wa huku anajua hilo, hata mwenye ndevu saba.

Kifaa kikalia. Imeandikwa.

Elick akaniambia kwa sauti ndogo kwamba chumba chake sasa atajenga kwa vitabu vyangu.

Jumapili, 17 Machi

Mvua imenyesha asubuhi, jua likatoka baada ya misa. Nikaenda kwenye kichuguu na vijiti viwili. Elick alikuwa ameshafika, upande wao, na beseni. Tukafunika tundu kwa majani ya migomba. Nikapiga taratibu. Naye akapiga, kwa fujo. Nikamwambia hiyo si mvua, hayo ni mawe. Akapunguza.

Wakatoka. Niliwahesabu kwa Kisubi hadi kumi. Elick ni Msukuma, hakuelewa, lakini alinisubiri nimalize ndipo akaanza kukamata.

Bibi amewakaanga bila mafuta, kama alivyopenda Babu. Amepeleka sahani kwa mzee Maduhu.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nimeona wazi kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Hatua, kamba, mbuzi, barua, mihogo: ondoa kimoja na kichuguu kingekuwa tofali. Inabidi nijiamini zaidi.

Kwa hiyo, mpango mpya. Kando ya nyayo za Babu pana udongo mtupu. Nitamwaga saruji hapo, urefu mita mbili, upana nusu mita, nami nitatembea juu yake ikiwa mbichi, sambamba naye. Hatua kwa hatua. Bibi asijue hadi ikauke.

Hesabu nimekagua mara mbili. Mbili mara nusu ni mita moja ya mraba, yaani sentimita za mraba mia moja. Unene sentimita tano. Jumla ni nusu lita ya saruji, pamoja na mchanga. Kikombe cha chai cha Bibi kinatosha na kinabaki.

Kikombe nimeshakiosha.